Jani, ukurasa na mkunjo: maneno ya kukielezea kitabu cha mkono

SWALI: Ninafasiri maelezo ya maonyesho ya vitabu vya Ulaya vilivyoandikwa kabla ya uchapaji. Niliandika kwamba Kitabu cha Kells ni "mswada wenye kurasa 340 za ngozi". Mhariri wangu amekataa mswada, amekataa kurasa, na hata ngozi hakuridhika nayo. Je, ana haki? Na kama anayo, niandike nini?

JIBU: Mhariri wako ana haki, ingawa makosa hayo matatu hayana uzito sawa. Naanza na kurasa, kwa kuwa hapo hesabu yenyewe imeharibika. Wachunguzi wa vitabu vya mkono, yaani vilivyoandikwa kwa mkono, huhesabu majani, na kila jani lina upande wa mbele na upande wa nyuma. Kitabu hicho, ambacho ni nakala ya Injili nne kwa Kilatini iliyoandikwa karibu na mwaka 800 na ambayo sasa imehifadhiwa Trinity College mjini Dublin, kina majani 340, yaani kurasa 680. Pambo lake mashuhuri kuliko yote, lile la herufi za mwanzo za jina la Kristo, liko kwenye jani la 34, upande wa mbele. Ukiandika "ukurasa wa 34", umempeleka mgeni wako nyuma ya jani la 17, ilhali ukurasa anaoutafuta ni wa 67.

Kosa hili linaeleweka, kwa sababu neno ukurasa limebeba maana isiyokuwa yake. Asili yake ni kurrasa ya Kiarabu, na kurrasa ni fungu la karatasi kadhaa zilizokunjwa katikati, zikapachikwa moja ndani ya nyingine na kushonwa penye kunjo. Katika vitabu vya Kiarabu aghalabu karatasi huwa tano, nazo hutoa majani kumi. Waandishi wa Kilatini walipendelea nne, yaani majani manane. Kiswahili kilichukua jina la fungu zima kikalipa upande mmoja wa jani, na fungu likabaki bila jina. Mimi hulitaja kwa neno mkunjo, nalo linatosha, mradi ulieleze mara ya kwanza unapolitumia.

Ukitaka kuona jinsi mkunjo unavyofanya kazi, chukua daftari la shule lililobanwa kwa pini katikati, kisha chana jani la kwanza. Jani la mwisho nalo litalegea, kwa maana hayo mawili yalikuwa karatasi moja. Mchunguzi wa vitabu vya kale hufikiri hivyohivyo: akikuta mkunjo wa majani saba mahali ambapo mingine yote ina manane, huanza kumtafuta mwenzi aliyepotea. Ngozi nayo humsaidia, kwani upande uliokuwa na manyoya una rangi ya manjano kidogo na vitundu vidogo vya vinyweleo, na upande wa nyama ni mweupe zaidi. Mwaka 1885 mtaalamu wa vitabu vya kale Caspar René Gregory alionyesha kwamba katika vitabu vya Kigiriki pande zinazofanana ndizo zinazotazamana, manyoya kwa manyoya na nyama kwa nyama, na utaratibu huo umeonekana katika sehemu kubwa ya Ulaya. Kwa hiyo pale pande mbili zisizofanana zinapotazamana, huenda jani limetoka. (Usiutumie utaratibu huo moja kwa moja kwa kitabu chako, maana mafundi wa Ireland mara nyingi walipanga ngozi zao kwa namna nyingine.) Yote haya hayawezi kuelezwa kwa mtu anayedhani kwamba jani na ukurasa ni kitu kimoja.

Mbona basi nachagua jani wakati Kiswahili kina karatasi na gombo? Karatasi ingefaa sana kwa kitabu cha karatasi, lakini "karatasi za ngozi" ni maneno yanayogombana, kwa kuwa msomaji wa leo akisikia karatasi huiona malighafi yenyewe kabla ya kuliona umbo. Gombo linaniuma zaidi kuliacha. Kamusi za zamani hulieleza kuwa ni karatasi moja ya kitabu, hasa ndilo neno tulilolihitaji. Lakini Biblia ya Kiswahili ilipolitumia katika "gombo la chuo", ililiweka mahali pa kitabu cha kuviringishwa, na leo wasomaji wengi wakisikia gombo huona kitu kilichoviringishwa. Ukiliandika kwenye maelezo ya maonyesho bila ufafanuzi, watalitafuta gombo na kukuta kitabu cha kufunguliwa. Jani halina utata huo. Nakushauri pia usiuite upande wa nyuma wa jani "mgongo", kwa sababu mgongo wa kitabu ni pale mikunjo inaposhonewa.

Kuhusu ngozi, mhariri wako amekaza kamba kidogo, lakini nadhani namwelewa. Ngozi ya viatu na ngozi ya kuandikia hutofautiana katika utengenezaji. Ile ya viatu hulowekwa katika dawa au maji ya magome ya miti hadi ibadilike na kuwa laini. Ya kuandikia hulowekwa katika maji ya chokaa, hunyonyolewa manyoya, kisha huwambwa kwenye fremu na kukwanguliwa huku ikikauka ikiwa imevutwa pande zote. Kitenzi hicho, kuwamba, ni cha mafundi wetu wa ngoma, na hakuna kingine kinachoifikia kazi hii kwa usahihi huo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mtengenezaji wa ngozi ya kitabu huvutia kila upande. Kwa hiyo andika "ngozi ya kuandikia", na katika kitabu hiki taja kwamba ni ya ndama. Wala usiandike "ngozi 340", kwa kuwa ngozi moja hutoa zaidi ya jani moja: Biblia kubwa iitwayo Codex Amiatinus, iliyotengenezwa kaskazini mwa Uingereza kabla ya mwaka 716, ina majani zaidi ya 1,000 nayo ilihitaji ngozi zipatazo 500, yaani majani mawili kwa kila ngozi. Neno letu daftari lenyewe, ukilifuata kupitia Kiarabu hadi Kigiriki, linatokana na diphthera, yaani ngozi iliyotengenezwa.

Limebaki mswada. Katika Kiarabu musawwada ni rasimu, kutokana na mzizi wenye maana ya weusi. Maandishi yaliyosafishwa huitwa kwa mzizi wa weupe. Ndiyo maana tunasema mswada wa sheria kabla haujapitishwa. Wataalamu wengi huita nakala za tendi zetu za kale miswada, na siwezi kuwaambia wamekosea, maana matumizi yamekwisha kukomaa. Lakini kitabu kilichokamilika, kikapambwa na kushonwa, si rasimu ya kitu chochote. Msahafu ulionakiliwa Siyu, kisiwani Pate, haungeitwa mswada na yeyote anayeujua. Kwa maelezo yako ningeandika hivi: "Kitabu cha Kells ni kitabu cha mkono chenye majani 340 ya ngozi ya ndama ya kuandikia," na chini ya picha, "jani la 34, upande wa mbele."