Kupanga kaunti kwa madaraja ya mishahara: niliyoyaona nikiwa ofisa wa rasilimali watu

Mleta mada, umependekeza kaunti zetu 47 za Kenya zipangwe kwa madaraja kulingana na idadi ya watu, kisha mishahara ya maofisa ifuate daraja, kama jimbo la Pennsylvania kule Marekani linavyozigawa kaunti zake. Nimeshughulikia mambo ya watumishi katika kaunti moja ya kaskazini tangu ugatuzi, yaani kuhamishia mamlaka na huduma kwenye kaunti, ulipoanza mwaka 2013, na siungi mkono.

Mwanzoni tulirithi wafanyakazi wa mabaraza ya zamani ya serikali za mitaa wakiwa na viwango vyao vya mishahara. Waliotoka wizarani nao wakaja na vyao. Siku moja makarani wawili waliingia ofisini kwangu, wakaziweka hati zao za mshahara mezani ubavu kwa ubavu. Walikuwa wakikaa chumba kimoja na kujaza rejista moja ya barua, lakini yule wa baraza alimpita mwenzake kwa mbali. Aliyelipwa kidogo hakufoka. Aliuliza tu, "Mkubwa, mimi nimemkosea nani?" Nilikosa la kumjibu. Tangu siku ile sipendi mpango wowote unaomlipa mtu kwa jina lililo kwenye kibao cha lango badala ya kazi anayoifanya.

Sasa tazama Lamu na Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu na 4,397,073 Nairobi. Kwa kipimo chako, mhasibu wa Lamu ataangukia daraja la mwisho. Lakini ripoti ya robo mwaka inayopelekwa kwa Mdhibiti wa Bajeti ni ile ile, na sheria ya fedha za umma ni ile ile. Kaunti ndogo ina watu wachache tu wa kugawana mzigo huo. Ukimshusha, ataondoka. Kwetu tulitangaza nafasi ya daktari bingwa mara tatu bila kupata mwombaji hata mmoja. Kifungu cha 230 cha Katiba kinaitaka Tume ya Mishahara na Marupurupu iangalie kama gharama inahimilika, na pia kama malipo yatawavutia wenye ujuzi na kuwafanya wabaki. Kipimo cha vichwa kinasahau hili la pili.

Na hesabu ya watu ikishafungwa kwenye mshahara itazidi kugombaniwa. Mnakumbuka matokeo ya sensa ya 2009 yalivyofutwa katika wilaya 8 za kaskazini kwa sababu hesabu ilitiliwa shaka.

Isitoshe, madaraja tunayo tayari, ila ni ya mahali: marupurupu ya nyumba hufuata mji, na ya mazingira magumu hufuata eneo. Huko ndiko kunakohitaji kurekebishwa. Tulikuwa na muuguzi katika zahanati iliyo mwendo wa siku nzima kwa lori kutoka makao makuu. Alikuja mjini kila baada ya miezi miwili, akarudi amepakata kisanduku cha chanjo magotini ili kisigongwe na mizigo. Marupurupu yake ya mazingira magumu yalikuwa ya kundi moja na langu, mimi niliyetembea dakika tano kufika benki. Wakati huo huo, pale makao makuu wageni walifurika baada ya ugatuzi, kodi zikapanda, na marupurupu ya nyumba yakabaki pale pale.

Kwa hiyo ningependa mshahara wa msingi uwe mmoja kwa kazi moja, kisha kipimwe kituo cha kazi: barabara ya lami iko umbali gani, maji yanatoka wapi, simu inashika, nyumba ya kupanga ipo? Bodi ya utumishi ya kaunti inavijua vituo vyake na inaweza kuipelekea Tume orodha hiyo. Najua kanuni za 2015 za fedha za kaunti zinataka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, kwa hiyo nyongeza ya mmoja lazima ikatwe kwa mwingine. Mimi wa makao makuu ningekuwa miongoni mwa watakaokatwa, na barua ya kunikata ningeitia sahihi.