Baba hulala ameketi

Barua za moyo mwezi huu zimezidi hata za sukari. Nimeshika tatu, na ya kwanza nitakaa nayo sana, kwa sababu nyumba nyingi za huku kwetu Lamu zina mzee kama huyu.

SWALI: Bi Nesi, assalaam alaykum. Baba yangu ana miaka 67, ni fundi wa majahazi hapa Matondoni. Wiki sita zilizopita alilazwa, miguu imefura hata makubadhi hayamwingii, na usiku ni kukohoa tu. Daktari akatwambia moyo wake umeshindwa kufanya kazi. Mama alilia akidhani tunaagwa. Akarudi nyumbani na vidonge vya aina nne: Lasix, enalaprili, kavediloli na spironolaktoni. Miguu iliponywea akaiacha Lasix. Asema yamwaibisha: Ijumaa hawezi kuikaa hotuba mpaka mwisho, na kwenye boti ya kwenda Amu, mjini Lamu, hana pa kujisaidia. Siku nne hizi hulala ameketi. Je, moyo umesimama? Dawa hizi ni za hata lini? Na Ramadhani itakuwaje? – Binti wa Matondoni

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Kabla ya maelezo yoyote: baba apelekwe hospitali leo, asingoje kesho. Mtu wa moyo akianza kulala ameketi, maji yamerudi mapafuni. Chukueni vidonge vyote, na kile alichokiacha pia, mkamweleze daktari kwa ukweli aliacha siku gani. Hakuna atakayemlaumu, na wala lisiwe jambo la kufichwa.

Sasa tuzungumze. Moyo wa baba haukusimama. Ungesimama, usingeniandikia barua hii. Maneno aliyoyatumia daktari ni mazito kuliko maana yake, na mimi nyumbani kwa watu husema moyo umechoka. Unapiga, lakini hausukumi damu kwa kadiri mwili unavyotaka.

Moyo una vyumba vinne, viwili kulia, viwili kushoto, na baina yake mna milango midogo, vali, inayofunguka upande mmoja tu ili damu isirudi ilikotoka. Upande wa kulia huipokea damu iliyokwisha kuzunguka mwilini na kuipeleka mapafuni ikavute hewa safi. Upande wa kushoto huipokea ikitoka mapafuni na kuirusha mwili mzima, kutoka kichwani hadi ukucha wa mguu. Jambo hili la damu kupitia mapafuni alilieleza tabibu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa upande wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, tangu karne ya 13. William Harvey wa Uingereza alitoa kitabu chake kuhusu mzunguko wa damu mwaka 1628. Wanafunzi wangu wa uuguzi nilikuwa nawafundisha majina yote mawili, na la kwanza nalitaja kwanza.

Mtu mzima aliyetulia, moyo wake husukuma kama lita 5 kwa dakika. Yale madumu ya lita 20 yanayobebwa na punda wetu, moyo hujaza moja kila dakika nne. Kwa siku ni madumu 360, kwa mapigo kama 100,000, na hauna usiku wa kupumzika.

Mweleze baba kwa lugha yake. Kila jahazi huvuja kidogo, na baharia hukaa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, akifua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Madamu ana nguvu, maji yanayoingia na yanayotoka yako sawa, na hakuna anayeyafikiria. Akichoka, jahazi halizami papo hapo, ila maji hupanda taratibu. Moyo ukichoka upande wa kushoto, damu hurundikana nyuma yake, yaani mapafuni, na maji huanza kuchuruzika ndani ya mapafu. Ukichoka upande wa kulia, hurundikana mwilini: miguuni, tumboni, kwenye ini. Halafu kuna figo. Figo zikiona damu inayozifikia imepungua hudhani mwili umeishiwa maji, basi huyazuia maji na chumvi visitoke. Zinataka kusaidia, kumbe zinamwongezea baharia aliyechoka maji ya kufua.

Ndiyo maana baba akilala chali maji ya miguuni hurudi kifuani, naye huamka akitafuta pumzi. Akiketi hupata nafuu.

Jambo hili la mito nalijua kwa uchungu. Mamangu alianza kulala na mto mmoja zaidi. Kisha miwili. Kisha mitatu, kwenye kile kitanda chake kirefu cha samadari. Kliniki moja ilimtibu pumu kwa miezi minne, dawa ya kuvuta na ya kikohozi, na hakuna hata mmoja aliyebonyeza mguu wake. Mwishowe akahama kitandani akawa analala kwenye kiti cha enzi ukumbini, kichwa kimeegemea mkono. Nilifika kutoka chuoni likizoni, nikaweka kidole gumba juu ya muundi wake, nikahesabu mpaka kumi, nikaondoa. Shimo lilibaki pale pale, kama kidole kilichobonyezwa kwenye unga wa mahamri. Tangu siku hiyo, mgonjwa yeyote anayekohoa usiku humwuliza: unalalia mito mingapi? Na wewe muulize baba kila Ijumaa, uandike.

Twende kwenye vidonge, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Lasix kazi yake ni kutoa maji. Miguu ikinywea, ni Lasix iliyofanya kazi, moyo bado umechoka vile vile. Wale watatu wengine hawaonyeshi kitu kwa macho, lakini ndio wanaoukinga moyo miezi na miaka. Enalaprili hulegeza mishipa ili moyo usisukume dhidi ya mlima. Kavediloli huupunguzia mbio ili ujaze vizuri kabla ya kupiga, na haiachwi ghafla hata kidogo. Spironolaktoni huzuia ile amri ya mwili ya kushika chumvi, na kuzuia moyo usifanye makovu. Enalaprili huwaletea wengine kikohozi kikavu, spironolaktoni huwaletea baadhi ya wanaume maumivu ya matiti. Hayo yana dawa mbadala, mwambieni daktari. Midomo au ulimi ukivimba, enalaprili isimezwe tena na mwende hospitali wakati huo huo.

Hata lini? Kwa walio wengi, maisha yote. Dozi ya Lasix huweza kupunguzwa na daktari hali ikitulia, lakini kupunguziwa si sawa na kujiachisha.

Ama aibu ya mkojo, mwanangu, hili nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa nimewaona wazee wa heshima wakijidhuru kwa ajili yake. Lasix ya kumeza huanza kazi ndani ya saa moja na humalizika baada ya saa sita au nane. Haikuandikwa popote kwamba lazima imezwe alfajiri. Ijumaa aimeze akisharudi nyumbani kutoka msikitini. Siku ya safari ya Amu aimeze akisharudi nyumbani, mradi isiwe jioni sana, la sivyo atakesha chooni. Mpangilio huu mwulizeni daktari leo hii hii, na baba mwenyewe awepo akisikia.

Nunueni mizani ya kupimia watu. Najua ni gharama, changisheni ndugu. Kila asubuhi, akishakwenda haja na kabla ya chai, apande akiwa na kikoi tu, na namba iandikwe kwenye daftari. Mwili haunenepi kilo 2 kwa siku tatu kwa chakula. Hayo ni maji, na mizani huyaona kabla ya miguu. Ikipanda hivyo, pigeni simu au nendeni hospitali siku hiyo, mchana, bahari ikipitika. Nasema hivi kwa sababu ya kisiwa chetu: nimeshawahi kusubiri boti usiku, kusi limechachamaa, na mgonjwa anavuta pumzi kama aliyekimbia. Akikosa pumzi hata akiwa ametulia, akitema povu la rangi ya waridi, akizimia au akibanwa na kifua, hapo hapimwi tena, anapelekwa.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima yeyote asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani isijae hata kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya mkate na vyakula vya dukani. Papa na ng'onda, samaki hawa wa kukaushwa kwa chumvi, basi, mwanangu. Najua unavyojisikia kusoma hivyo, mimi mwenyewe nimelelewa kwa papa wa nazi. Kumroweka hupunguza chumvi lakini haimalizi. Changu mbichi au tafi, ndimu, kitunguu thaumu, tangawizi, pilipili, ukwaju: mchuzi huo hauna unyonge. Achari ya embe, vibonge vya mchuzi na viazi vya karai vya njiani viacheni. Maji ya kisima chenu yakiwa yanakaza ulimi, mpikieni kwa maji ya mvua. Na zile chumvi zinazouzwa kuwa ni salama kwa presha msimpe, nyingi zina madini ya potasiamu, nayo ikikutana na enalaprili na spironolaktoni huweza kupanda mpaka mapigo ya moyo yakavurugika. Madafu nayo yana potasiamu nyingi, kwa hiyo asiyanywe kama maji mpaka kipimo cha damu cha figo na potasiamu kisomwe.

Mafundi magoti huwauma. Asinunue diklofenaki wala ibuprofeni. Dawa hizo hushikisha mwili maji na kuzitesa figo, na nimeona watu walioharibikiwa kwa sindano moja tu ya goti. Parasetamoli kwa kipimo chake inamfaa zaidi.

Ramadhani: aliyetoka kulazwa wiki sita nyuma na maji yamemrudia, hafungi. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani, si ya kwangu. Mwombeni imamu wenu aje akae naye amweleze, kwa sababu wazee wetu neno hili hulipokea kwake kuliko kwetu wauguzi. Wapo wagonjwa waliotulia ambao daktari huwapangia dawa za futari na daku wakafunga. Pengine mwaka mwingine baba atakuwa miongoni mwao.

Shoka na tezo awaachie vijana kwa sasa. Akishatulia, kutembea kwa miguu kila siku, mwendo ambao bado anaweza kuzungumza, ni sehemu ya dawa. Akae kando ya jahazi aelekeze. Ufundi wake uko kichwani na machoni pia.

SWALI: Nina miezi miwili tangu nijifungue. Nikipanda ngazi ya nyumba yetu ya hapa Mkomani nahema, miguu imefura, na usiku naamka nakohoa. Wakubwa wasema ni baridi ya uzazi, nijifunike na ninywe uji wa pilipili manga. – Mama Kichanga, Lamu

JIBU: Uji kunywa, lakini nenda hospitali leo, na utamke maneno haya: nimejifungua karibuni na ninakosa pumzi. Kuna udhaifu wa moyo unaompata mwanamke tangu mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kuzaa, hata kama hakuwa na presha wala maradhi yoyote. Hudhaniwa ni uchovu wa kulea, ndiyo maana huchelewa kujulikana. Wengi moyo hurudi nguvu wakitibiwa mapema. Utaje kama unanyonyesha ili upewe dawa zinazofaa, na usishike mimba nyingine kabla ya kuzungumza na daktari wa moyo, kwa maana ugonjwa huu huweza kurudi. Wakubwa wako wanakupenda. Waonyeshe barua hii, mmoja wao akusindikize.

SWALI: Nilipigwa picha ya moyo ya mawimbi ya sauti Mombasa. Karatasi imeandikwa asilimia 30. Nimebakiwa na asilimia 30 ya maisha? – Mzee wa Shela

JIBU: Sivyo, babu yangu, na nasikitika hakuna aliyekaa nawe akakueleza. Namba hiyo ni sehemu ya damu inayotoka kwenye chumba kikubwa cha kushoto kwa kila pigo. Hata moyo wa kijana haukitoi chumba chote. Hutoa kama asilimia 50 hadi 70. Kwa hiyo moyo wako unafanya kama nusu ya kazi ya mwenye afya, na wapo wanaoishi na namba hiyo wakitembea pwani kila asubuhi. Tena namba hupanda. Meza dawa zote kwa kipimo walichokupangia, wakuongezee kidogo kidogo kadiri mwili unavyokubali, na baada ya miezi mitatu au zaidi omba picha ya pili. Karatasi ya kwanza usiitupe, nenda nayo wazilinganishe.