Kocha Aliyeondoka na Kocha Aliyerithi: Maswali Yenu Kuhusu Rekodi Zao

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka jambo moja: kocha kaondoka, mwingine kashika nafasi yake, na mabishano hayaishi. Mifano tumeitoa Uingereza kwa sababu matokeo ya huko ni rahisi kuyapata na kila msomaji anaweza kuyahakiki mwenyewe.

Kocha wetu wa zamani alikaa miaka mingi. Huyu mpya hajamaliza hata msimu. Nawalinganishaje?

Usipambanishe jumla na jumla. Chukua msimu wa mwisho wa aliyeondoka na msimu wa kwanza wa aliyerithi, mechi za ligi peke yake, kisha gawanya pointi kwa idadi ya mechi.

Alex Ferguson aliiacha Manchester United mwaka 2013 akiwa na mechi 1,500 na ushindi 895, karibu asilimia 60. David Moyes alidumu mechi 51 na kushinda 27, asilimia 53. Ukiishia hapo utaona tofauti ndogo, tena utajiuliza mwenye timu alikuwa na haraka gani. Ila ndani ya zile 1,500 zimo nyakati ambazo United ilimaliza ligi ikiwa ya 11 na hata ya 13. Hiyo siyo timu aliyokabidhiwa Moyes.

Sasa fanya hesabu ya msimu kwa msimu. 2012/13 Ferguson alikusanya pointi 89 katika mechi 38, wastani wa 2.34. Moyes, hadi anafutwa kazi Aprili 2014, alikuwa na pointi 57 katika mechi 34, wastani wa 1.68. Pengo ni 0.66 kwa kila mechi, na kwa msimu wa mechi 38 hiyo ni pointi 25.

Angalia pia mtego uliomo kwenye mabao. United ilifungwa mabao 43 msimu wa Ferguson, na 43 tena msimu uliofuata. Wengi huandika kwamba ulinzi haukubadilika wakaishia hapo. Lakini mechi nne za mwisho alisimamia Ryan Giggs, na matatu kati ya mabao hayo yaliingia kwake. Ya Moyes ni 40 katika mechi 34, yaani 1.18 kwa mechi dhidi ya 1.13 ya Ferguson. Kumbe ulinzi kweli haukuporomoka. Kilichokauka ni ufungaji: Ferguson 86 (2.26 kwa mechi), Moyes 56 (1.65).

Asilimia ya ushindi ina ubaya gani? Ndiyo inayotajwa kila mahali.

Inaihesabu sare sawa na kipigo. Chukua makocha wawili wenye mechi 20 kila mmoja. Wa kwanza kashinda 10, katoka sare 10, hajapoteza hata moja: asilimia 50, pointi 40. Wa pili kashinda 11 na kupoteza 9: asilimia 55, pointi 33. Kwa asilimia wa pili ndiye bora, kwa msimamo wa ligi yuko nyuma kwa pointi 7. Inatajwa sana kwa sababu inatosha kwenye mstari mmoja wa kichwa cha habari.

Makocha wawili wamegawana msimu mmoja. Mmoja analalamika kwamba ratiba yake ilikuwa ngumu. Nifanyeje?

Pangilia mpinzani kwa mpinzani. Chora jedwali lenye safu tano: jina la mpinzani, matokeo ya kocha wa kwanza, nyumbani au ugenini, matokeo ya kocha wa pili, nyumbani au ugenini. Mpinzani aliyekutana na kocha mmoja tu mweke pembeni. Ukimwacha ndani, unalinganisha ratiba badala ya makocha.

Mara chache sana jedwali hilo hujaa lote. Lilijaa Chelsea 2020/21. Frank Lampard alifutwa kazi Januari 2021 baada ya mechi 19 za ligi, Thomas Tuchel akasimamia 19 zilizobaki, na kila mmoja alikutana na wapinzani wote 19 mara moja. Sidhani kama kuna mfano mzuri zaidi wa kujifunzia.

Lampard: ushindi 8, sare 5, vipigo 6, pointi 29, mabao 33 ya kufunga kwa 23 ya kufungwa.
Tuchel: ushindi 11, sare 5, vipigo 3, pointi 38, mabao 25 kwa 13.

Tofauti ni pointi 9, na hapa ndipo jedwali linalipa. Tuchel alivuna zaidi kwa wapinzani sita: Liverpool, Manchester City, Leicester na Everton (pointi 3 zaidi kwa kila mmoja), Tottenham (2) na Wolves (1). Jumla 15. Akapungukiwa kwa wanne: Brighton na Leeds (2 kila mmoja), West Brom na Aston Villa (1 kila mmoja). Jumla 6. Toa 6 kwenye 15, unabaki na 9 zile zile. Maana yake hakuwa bora kila mahali. Faida yake kubwa ilitoka kwenye mechi ngumu, huku kwa baadhi ya timu zilizokuwa chini yake kwenye msimamo akirudi nyuma.

Uwanja nao uhesabiwe. Tuchel alicheza nyumbani mara 10 na ugenini 9, Lampard kinyume chake. Kwa hiyo Tuchel alikuwa na nafuu ya mechi moja, lakini haiwezi kueleza pengo: ugenini pekee alipata pointi 20 katika mechi 9, wakati Lampard alipata 14 katika 10. Isitoshe, msimu ule viwanja vilikuwa vitupu kwa sehemu kubwa kwa sababu ya korona.

Jambo jingine linalosahaulika: Tuchel alifunga mabao 8 pungufu kuliko Lampard. Aliyoyajenga ni ya nyuma. Mechi 11 kati ya 19 hakuruhusu bao, Lampard 7. Na kati ya 13 aliyofungwa, matano yaliingia siku moja dhidi ya West Brom, baada ya Thiago Silva kutolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza. Mechi ya namna hiyo usiifute kwenye hesabu, iandikie tu maelezo pembeni.

Timu ilikuwa hoi, kocha akatimuliwa, mechi zilizofuata tukashinda mfululizo. Si ushahidi tosha?

Hapana, kwa sababu ya siku aliyotimuliwa. Viongozi hawamfukuzi kocha timu ikiwa kwenye kiwango chake cha kawaida. Humfukuza ikiwa chini kabisa, na timu iliyoanguka chini ya uwezo wake kwa kawaida hupanda hata asipobadilishwa mtu.

Turudi kwa Lampard. Mechi 11 za kwanza alipata pointi 22, yaani 2 kwa mechi. Nane zilizofuata akapata 7. Ukimpima Tuchel dhidi ya zile 8 tu, wastani ni 2.0 dhidi ya 0.88, na Tuchel anaonekana mchawi. Ukimpima dhidi ya zile 11 za mwanzo, 2.0 kwa 2.0, anaonekana hakuongeza kitu. Wote wawili, anayemsifu na anayemponda, watakuonyesha namba za kweli. Ndiyo maana sharti uhesabu kipindi chote cha kocha, na ukikuta mtu kaanzia katikati muulize kwa nini kaanzia hapo.

Upande wa pili ni Ole Gunnar Solskjær. José Mourinho aliondoka United Desemba 2018 akiwa na pointi 26 katika mechi 17, wastani wa 1.53. Solskjær akaingia kwa muda, akachukua pointi 32 katika mechi 13 za ligi (2.46), akapewa mkataba mwezi Machi. Mechi 8 zilizobaki: pointi 8. Aliyeamua Machi aliona kilele, na aliyeamua Mei aliona shimo. Kwa mechi zote 21 ni pointi 40, wastani wa 1.90. Hiyo ndiyo namba ya kuweka mbele ya 1.53.

Basi mechi ngapi zinatosha kuhukumu?

Nyingi kuliko mashabiki wanavyovumilia. Matokeo ya mechi moja ni 3, 1 au 0, na kwa timu ya kawaida hutawanyika kuzunguka wastani kwa takriban pointi 1.3. Kwa mechi nyingi, gawanya 1.3 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mechi. Mechi 10: takriban 0.4 kwa mechi, yaani timu ile ile, kwa kocha yule yule, inaweza kupata pointi 4 zaidi au pungufu bila chochote kubadilika. Mechi 19: kama pointi 6 juu au chini. Mechi 38: kama 8.

Unapolinganisha makocha wawili, mtawanyiko wa kila mmoja unaingia. Kwa mechi 19 kwa 19 unafika pointi 8 hivi. Zile pointi 9 za Tuchel zinazidi kidogo tu hapo. Ni dalili nzuri, na ikiungana na ulinzi ulivyobadilika inapata nguvu, ila peke yake isingetosha kufunga mjadala. Pengo la Ferguson na Moyes ni kubwa zaidi, zaidi ya mara mbili ya kile bahati peke yake huleta kwa kawaida.

Klopp na Slot: nani alifanya vizuri zaidi Liverpool?

Ukitazama misimu miwili inayopakana, utashangaa. 2023/24, wa mwisho wa Jürgen Klopp: ushindi 24, sare 10, vipigo 4, pointi 82, mabao 86 kwa 41. 2024/25, wa kwanza wa Arne Slot: ushindi 25, sare 9, vipigo 4, pointi 84, mabao 86 kwa 41. Mabao yamelingana hadi la mwisho. Klopp alimaliza wa tatu, Slot akabeba ubingwa.

Kilichobadilika ni walio juu na chini yao. Msimu wa kwanza City walifika pointi 91 na Arsenal 89. Uliofuata aliyeshika nafasi ya pili, Arsenal, aliishia 74. Klopp huyo huyo aliwahi kufikisha 97 mwaka 2019 na 92 mwaka 2022 akakosa ubingwa. Nafasi kwenye msimamo, kwa hiyo, ni kipimo cha wapinzani pia.

Lakini Slot ana haki yake. Alitwaa ubingwa zikiwa zimebaki mechi nne, akiwa tayari na pointi 82, jumla ile ile Klopp aliyomalizia nayo. Katika hizo nne alipata pointi 2 tu, timu ikiwa haina tena cha kugombea. Ukitaka kuwa makini, hesabu mechi za kabla ya ubingwa peke yake: 82 kwa 34, wastani wa 2.41 dhidi ya 2.16. Na mchezaji mpya aliyetumia msimu huo ni Federico Chiesa tu, tena kwa dakika chache kwenye ligi. Kwa maoni yetu alifanya vizuri zaidi, kwa kiasi kidogo, kwa msimu huo mmoja.

Kocha aliyebeba kombe si ndiye bora, hata ligi ikimwendea vibaya?

André Villas-Boas aliondoka Chelsea Machi 2012 akiwa na pointi 46 katika mechi 27 (1.70). Roberto Di Matteo akapata 18 katika 11 (1.64), Chelsea wakamaliza wa sita. Katika miezi hiyo hiyo alibeba Kombe la FA na Ligi ya Mabingwa, fainali ikiamuliwa kwa penalti. Ligi inapima uthabiti, mtoano unapima usiku mmoja mmoja. Weka majedwali mawili na usiyachanganye. Mwenye kombe abaki nalo.

Nataka kulinganisha makocha wa zamani, kama Shankly na Paisley. Pointi zinanichanganya.

Uingereza ilianza kutoa pointi 3 kwa ushindi msimu wa 1981/82. Kabla ya hapo zilikuwa 2. Bob Paisley, aliyemrithi Bill Shankly pale Liverpool 1974 na kuondoka 1983, yuko pande zote mbili. Acha pointi za magazeti ya zamani, chukua ushindi na sare, zidisha upya kwa 3 na 1. Misimu ilikuwa na mechi 42, kwa hiyo linganisha wastani tu. Na Shankly alianza Liverpool ikiwa daraja la pili hadi 1962, miaka hiyo ikae kwenye mstari wake.

Timu ikikatwa pointi, je?

Mhesabie kocha alizopata uwanjani. Everton 2023/24 walivuna 48, wakakatwa 8 kwa makosa ya kifedha, msimamo ukasoma 40. Kocha hakupoteza hizo 8 kwenye mechi yoyote.

Na kocha wa muda?

Mstari wake peke yake, hata kama ni mechi moja. Usimwongezee aliyeondoka wala aliyekuja. Akithibitishwa baadaye, kama Solskjær, unganisha vipindi vyake, lakini weka alama pale mkataba ulipobadilika.