Maswali ya Wasomaji: Haki inaweza kutafitiwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninasoma shahada ya uzamili katika sayansi ya siasa, na ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu haki katika mashirika ya fedha ya kimataifa. Nilipoliwasilisha mbele ya jopo, mhadhiri mmoja alisema kwamba neno "haki" ni la mimbarini na la mikutano ya hadhara, na kwamba anayeanza na haki huwa ameshapata jibu kabla ya kuuliza swali. Mwingine akaongeza kuwa mtu aliyekaa Mwanza, asiye na nauli ya kwenda Washington, hawezi kuchunguza mamlaka ya watu walioko huko. Sasa ni wiki ya tatu sijagusa kalamu. Nibadili mada? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba. Mada ibaki, ila uanzie mahali pengine. Mhadhiri wa kwanza hakukosea kabisa, kwa kuwa nimesoma tasnifu nyingi zinazofungua kwa kuwalaani mabeberu na kufunga kwa kuwalaani tena, na katikati hamna hata tarakimu moja ambayo msomaji asiyekubaliana na mwandishi angelazimika kuijibu. Alipokosea ni kudhani kwamba kasoro hiyo imeletwa na neno haki. Haki hukuelekeza uulize nini. Kujibu ni kazi ya ushahidi, na ushahidi haujali umeulizwa na nani.

Tulichukue Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani IMF, maana naona ndilo unalolilenga. Lilibuniwa Julai 1944 huko Bretton Woods, Marekani, katika mkutano wa nchi 44, wakati ambapo Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa bado chini ya Uingereza na hazikuwa na msemaji wao mezani. Kura katika Shirika hili hufuata mgawo, yaani kiasi cha fedha ambacho kila nchi imepangiwa kuchangia, kwa kutazama zaidi ukubwa wa uchumi wake. Marekani ina kura zaidi ya 830,000, na Tanzania ina takriban 5,400. Pengo hilo wengi hulijua kwa kukisia, na ukiliandika peke yake jopo litakuuliza: sasa kuna ajabu gani, si mwenye kutoa kingi ndiye msemaji?

Kwa hiyo fanya hesabu inayofuata. Maamuzi makubwa, kama vile kurekebisha mkataba wa Shirika au kubadili migawo, yanahitaji asilimia 85 ya kura zote. Marekani inashikilia asilimia 16.5 hivi. Ukitoa 16.5 kwenye 100 zinabaki 83.5, na maana yake ni kwamba China, Ujerumani, Brazili, India, Nigeria, sisi na wengine wote waliobaki tukikubaliana kwa kauli moja, bado hatufiki. Katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa wakubwa watano wametajwa kwa majina na kila mtu anawajua. Hapa mkataba hausemi popote kwamba Marekani ina kura ya turufu. Turufu imelazwa ndani ya hesabu ya kutoa ambayo mtoto wa darasa la tano angeiweza.

Liko jambo jingine ambalo mimi huliona zito zaidi, ingawa halizungumzwi sana. Waasisi wa 1944 walimpa kila mwanachama kura 250 za msingi, tajiri kwa maskini, ili walau pawe na chembe ya usawa wa mataifa. Wakati ule kura hizo zilikuwa zaidi ya asilimia 11 ya kura zote. Migawo ikawa inaongezwa awamu baada ya awamu, nazo zile 250 zikabaki 250, hadi sehemu yake ikasinyaa ikawa karibu asilimia 2. Hapakuwa na kikao kilichopiga kura ya kuwanyang'anya wanyonge sauti. Sauti yao ilipungua kwa kuachwa tu ilivyo. Mageuzi yaliyokubaliwa mwaka 2008 na kuanza kutumika mwaka 2011 yalizipandisha hadi asilimia 5.5 na kuzifunga hapo, ambayo bado ni nusu ya zilipoanzia. Ukiandika sura nzima juu ya hilo, hutahitaji neno "ubeberu" hata mara moja.

Kisha onyesha kwamba mgawo haukomei kwenye kura. Agosti 2021, dunia ikiwa bado imebanwa na UVIKO-19, Shirika liligawa fedha zake za akiba, ziitwazo SDR, zenye thamani ya dola bilioni 650. Kwa kuwa ugawaji hufuata migawo, Marekani peke yake ilipata dola bilioni 113 hivi, na Afrika nzima, yenye zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watu sita duniani, ikapata takriban bilioni 33. Kanuni ilifuatwa barabara, wala hakuna aliyeiba. Swali la haki linaanzia hapohapo, pale ambapo kila mmoja ametenda kwa mujibu wa kanuni na matokeo yanamshangaza hata mwenye moyo mgumu.

Kuhusu nauli, huihitaji. Nchi inapoomba mkopo, masharti huandikwa katika barua inayopelekwa Washington ikiwa na saini ya waziri wa fedha wa nchi hiyo na ya gavana wa benki kuu, na barua nyingi za namna hiyo Shirika lenyewe huzitoa hadharani. Zisome taratibu. Sauti ni ya mwombaji: "sisi tumekusudia kupunguza", "sisi tutaondoa". Lakini ukizilinganisha za nchi mbili tatu, utajiuliza imekuwaje serikali zilizo mbalimbali zikusudie mambo yaleyale kwa maneno yanayokaribiana. Halafu rudi kwenu. Wakulima wa pamba wa kanda yako wanaokumbuka walivyouza kabla soko halijafunguliwa mwaka 1994, na walivyouza baadaye, ni mashahidi ambao mtafiti wa Washington ndiye atakayehitaji nauli ili awapate.

Naomba uzingatie jambo moja ambalo vijana wengi hulikwepa. Mwanzoni mwa mwaka 1980 Mwalimu Nyerere, akizungumza na mabalozi, aliuliza tangu lini Shirika hilo limegeuka kuwa Wizara ya Fedha ya Kimataifa. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera na bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Swali lilikuwa la haki na mpaka leo halijachuja. Hata hivyo miaka iliyofuata sabuni na sukari zilipotea madukani, na baada ya mkataba wa 1986 na Shirika hilo, wakati wa Mzee Mwinyi, bidhaa zilirudi, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 wagonjwa wakaanza kulipia hospitali za serikali. Mama aliyeipata sabuni na mama aliyekosa fedha ya dirisha la dawa yawezekana ni mtu mmoja. Ukimwandika nusu, utakuwa umemdhulumu kwa kalamu ileile inayodai haki.

Wala usidhani mamlaka yote yako ng'ambo. Mwaka 1970 Issa Shivji, akiwa kijana pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika katika jarida la wanafunzi la Cheche uchambuzi wa mashirika ya umma yaliyotaifishwa, akifuatilia ubia na mikataba ya uendeshaji na makampuni ya nje, na akauliza ni tabaka gani la hapahapa nyumbani lililonufaika. Jarida lilipigwa marufuku mwaka huohuo. Mlikumbushe jopo lenu kwamba lile lilikuwa andiko la hisa, mikataba na wajumbe wa bodi.

SWALI: Tulisikia kwamba Afrika kusini mwa Sahara imepata kiti cha tatu kwenye bodi ya IMF. Je, sauti yetu imeongezeka? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kiti kilianza Novemba 2024, na bodi sasa ina wakurugenzi 25. Kabla ya hapo wakurugenzi wawili tu walibeba nchi zaidi ya 40, na mmoja wao alikuwa akizisemea Kenya, Tanzania, Uganda na nyingine nyingi katika kikao kimoja. Sasa mzigo umegawanywa kwa watatu, hivyo mkurugenzi atapata nafasi ya kusoma faili la kila nchi kabla halijafika mezani, na hilo si dogo kwa anayejua kikao kinavyoendeshwa. Kura, hata hivyo, ni za nchi na wala si za kiti. Zilezile zilizokuwa mafungu mawili zimekuwa mafungu matatu, bila kuongezeka hata moja.