Nilikopesha mpaka duka likafa

Juzi dada mmoja wa Makambako kaniandikia: "Kaka, nafungua duka la vitenge na nguo za watoto. Walimu wanataka niwakopeshe hadi mwisho wa mwezi. Nifanyeje?"

Usikopeshe, dada yangu.

Mimi nilikuwa na duka Njombe. Mwaka wa pili mzigo ulikwisha, likabaki daftari la madeni. Mteja mmoja alipita mbele yangu na gauni jipya alilonunua kwa jirani, tena taslimu! Hilo linaniuma hadi leo.

Nikiwa nimekaa nyumbani bila kazi ndipo nikasoma habari za James Cash Penney, mfanyabiashara wa Marekani aliyeanzisha maduka ya JCPenney (ndiyo, Cash ni jina lake kabisa, si la utani). Naye alianza kwa kufilisika. Bucha yake ya Longmont, Colorado, ilikufa alipogoma kumpelekea mpishi wa hoteli, mteja wake mkubwa, chupa ya wiski kila wiki. Tarehe 14 Aprili 1902 akafungua duka la nguo na viatu Kemmerer, Wyoming, kamji ka wachimba makaa ya mawe waliozoea kukopa kwenye maduka ya migodi. Yeye akauza taslimu tu. Asiyekopesha hapandishi bei kufidia wasiolipa, kwa hiyo alimudu kuuza rahisi. Yeye, mkewe na mtoto walilala darini, juu ya duka. Makasha ya mizigo ndiyo yalikuwa meza na viti. Siku ya kwanza alifungua alfajiri, akafunga usiku wa manane: dola 466.59. Mwaka wa kwanza: dola 28,898.11.

Hebu tazama hizo senti. Mimi ungeniuliza mauzo ningejibu "kama milioni na nusu hivi", na milioni nzima iko kwa watu.

Vijana, tuache aibu! Ukimwonea haya shangazi leo, mwenye fremu hatakuonea haya kesho. Shangazi asikopeshwe. Mchungaji asikopeshwe. Mwalimu asubiri mshahara.

Na deni humuumiza hata anayekopa: Penney mwenyewe, soko la hisa lilipoanguka 1929, alipoteza utajiri wake kwa sababu alikuwa amekopa kwa dhamana ya hisa zake.

Daftari langu bado ninalo. Kuna mama namdai shilingi 42,000 tangu 2019. Kila Jumapili tunakaa benchi moja, na ananisalimia vizuri sana.