Mwanangu anataka nimwandikie nyumba, nami bado naishi humo

SWALI: Nina nyumba Chikongola, Mtwara mjini, vyumba vinne na viwili vya uani vya wapangaji. Mimi na marehemu mume wangu tuliijenga kidogo kidogo, kila msimu wa korosho tukiongeza tofali. Ameniachia mtoto mmoja wa kiume, yuko Dar es Salaam, na mabinti wawili. Mmoja ninaishi naye. Huyu wa kiume anataka nimwandikie nyumba ningali hai, wasije kugombana, na aiweke rehani benki aongeze mtaji. Anasema, "Mama, hutahama, utakaa mpaka Mungu akuchukue." Nampenda, lakini moyo unasita. Sisi ni Waislamu. Barua ya toleo ya kiwanja ina jina la baba yao.
Mama wa Chikongola

JIBU: Shikamoo mama. Habari ya jina umeiweka mwisho, mimi naanza nayo. Nyumba iliyo kwa jina la marehemu huwezi kumwandikia mtu, hata mwanao wa kumzaa, maana bado ni mirathi. Ukiletewa karatasi ya kuharakisha mambo, iwe ya mauziano au ya zawadi, usitie sahihi wala dole gumba.

Iteni kikao cha ukoo. Huku kwetu Kusini wajomba bado wana sauti, Wamakonde na Wamwera mnalijua hilo, kwa hiyo waje mapema pamoja na shemeji zako, wasiibuke baadaye na pingamizi. Mteueni msimamizi wa mirathi, muandike muhtasari, muende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Msimamizi anaweza kuwa wewe. Akiwa huyo kijana wako, ajue kwamba usimamizi haumfanyi mwenye mali.

Umeandika "tuliijenga". Korosho hizo zilitoka shamba la nani? Kama ni la kwenu, uliloachiwa na wazazi wako, liseme mbele ya kikao na ulete wanaolijua. Jasho lako si mirathi ya mumeo, litengwe kwanza. Kinachobaki ndicho kinachogawiwa: kama wazazi wake hawapo na hakuna mke mwingine, wewe una thumni, yaani sehemu moja ya nane, na mtoto wa kiume anapata mara mbili ya binti. Katika mafungu 32, wewe 4, kijana 14, kila binti 7. Mabinti zako wana nyumba humo, mama, na huyo unayeishi naye asifanywe mgeni kwao.

Sasa benki. Hapa naomba unisikilize sana. Ahadi ya "hutahama" ni ya mwanao, haiifungi benki. Biashara ikiyumba marejesho yakasimama, nyumba inapigwa mnada, na mnunuzi hajui mlichoongea kwenye simu. Tena fikiria jambo zito zaidi: yeye akitangulia, nyumba inakuwa mirathi yake. Mkewe na watoto wake wanaingia, na wewe mama yake unabaki na sudusi, sehemu moja ya sita, ya nyumba uliyoijenga. Sisemi kijana ana nia mbaya. Nasema karatasi haisomi nia.

Mirathi ikiisha, nyumba iandikwe kwa majina yenu wote wanne, kila mmoja na fungu lake. Hapo hakuna wa kuweka rehani nyumba nzima bila nyinyi wengine kuridhia. Fungu lako ukitaka kumpa mtoto ukiwa hai, hiyo ni hiba, na hiba inataka makabidhiano. Ukitoa huku umeshika funguo na kupokea kodi ya wapangaji, wenzake wanaweza kuipinga. Muulize sheikh wa wilaya kabla, na haki yako ya kuishi humo iandikwe ndani ya hati ya zawadi na wakili, isajiliwe. Ukipenda kumwachia kwa wosia, mrithi haachiwi mali kwa wosia mpaka warithi wenzake waridhie.

Mtaji wake autafute kwa dhamana nyingine. Mwambie hivyo mwenyewe, mabinti zako wakisikia, kabla hajapanda basi kuja na wakili wake.