Mpoland wa fedha mbili

Mmeuliza wiki hii: ni mwanamichezo gani aliyeshindwa fainali ambaye hajapewa heshima anayostahili? Mimi namtaja Artur Olech, bondia wa ridhaa wa Poland, uzito wa kilo 51.

Alizaliwa mwaka 1940 mjini Lwów, akapigania klabu ya Gwardia Wrocław. Kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 vijana wa kocha Feliks Stamm walizoa dhahabu tatu: Grudzień, Kulej na Kasprzyk. Olech naye alifika fainali, Fernando Atzori wa Italia akamshinda kwa majaji wanne kwa mmoja. Nyumbani kukiwa na mabingwa watatu, nani atamkumbuka wa pili?

Kinachonigusa ni kwamba alirudi. Miaka minne si mchezo kwa bondia wa uzito mdogo. Mwili unakomaa, mizani haibadiliki, na kila shindano lazima ujikondeshe urudi kwenye kilo zilezile. Ngumi za kulipwa kwao zilikuwa marufuku, kwa hiyo hakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Mwaka 1968, akiwa na miaka 28, alipanda tena ulingoni katika Jiji la Mexico, uzito uleule.

Hapo ndipo hadithi yake inapotufikia sisi wa Afrika Mashariki. Nusu fainali alikutana na Leo Rwabwogo wa Uganda. Raundi tatu, majaji watano, na matokeo yakawa 3 kwa 2. Jaji mmoja tu angeona vingine, fainali ingekuwa ya Mganda. Rwabwogo alibaki na shaba, na hiyo pamoja na fedha ya Eridadi Mukwanga ndizo medali za kwanza za Uganda katika Olimpiki. Tunaposimulia sifa hiyo, na ni haki yetu, tumtaje pia aliyesimama upande wa pili wa ulingo.

Fainali Olech alipangiwa Ricardo Delgado, mtoto wa nyumbani, mbele ya umati wake. Majaji wote watano walimpa Delgado. Fedha ya pili.

Munich, mwaka 1972, Rwabwogo alifika tena nusu fainali na akapangiwa Mpoland mwingine, Leszek Błażyński. Safari hii majaji watatu kwa wawili walikuwa wake. Fainali akashindwa na Kostadinov wa Bulgaria, akarudi Uganda na fedha.